Shimo la Makumbi la Bi Mashavu

Nakumbuka asubuhi moja ya maji kupwa, mwanangu, nimesimama kwenye tope la Kaole mpaka magotini, jembe mkononi, saumu mdomoni, mbele ya shimo ambalo halikuwa langu. Wewe unanijua mimi bibi wa msala na tasbihi, labda unadhani nilizaliwa hivi hivi. Hukuniona nikiwa na miaka ishirini na minne, nina nguvu za punda, na kila nikilala naota mali. Keti vizuri, nikueleze. Wateja wako watasubiri kidogo, hawatakufa.

Kazi yetu wanawake wa Kaole wakati ule ilikuwa kamba za makumbi. Ukishafua nazi, lile ganda la nje lenye nyuzi ndilo kumbi. Tulikuwa tunayakusanya kwa wenye mashamba ya minazi, tunayabeba mpaka ufukweni, huko kwenye tope karibu na mikoko, tunachimba shimo, tunayapanga, tunayafukia na kuyakandamiza kwa mawe. Hapo unayaacha. Maji yanajaa, maji yanapwa, miezi sita au saba inapita. Ukija kuyafukua yamelainika, yananuka vibaya mpaka unakunja uso, na hiyo harufu ndiyo furaha yako, maana yameiva. Unayaponda kwa gongo, unapata usumba mweupe, yaani zile nyuzi zikiwa safi, unausokota viganjani mpaka uwe kamba. Kamba hizo zilifunga fito za nyumba, zilisuka vitanda, zilifunga majahazi.

Mashimo hayakuwa na mlinzi. Kila mwanamke alijulikana kwa shimo lake, kama anavyojulikana kwa mlango wake, na sikuwahi kusikia mtu kafukua la mwenziwe. Tena tulikuwa tunalindiana. Ukienda msibani Pangani mwezi mzima, ukirudi unakuta mawe yako yako pale pale.

Aliyenifunza kazi hii alikuwa Bi Mashavu, somo yangu. Siku hizi mnaita kila mtu somo, kwa utani. Zamani somo alikuwa mwanamke unayekabidhiwa ukivunja ungo, akufunze usafi, akufunze heshima, akufunze kuishi na mume, na ukishakuwa mwari wake umekuwa mwari wake mpaka mmoja wenu aingie kaburini. Bi Mashavu hakujaliwa mtoto. Alinifunza yote hayo, kisha akaniongezea kamba. Alihangaika nami kweli, maana mimi natumia mkono wa kushoto. Kupanga makumbi, kusokota, kila kitu nilikigeuza upande. Alikuwa ananicheka, anasema nimezaliwa nikiwa nimeangalia ukutani. Mwisho akaniacha nifanye nilivyojaliwa.

Sasa, biashara. Usidhani misukosuko ya bei imeanza na nyinyi. Nilipoolewa, miaka ya sitini inakwisha, kamba za nailoni zilijaa madukani Bagamoyo. Nyembamba, nyepesi, za rangi rangi, haziozi. Wenye vyombo wakazikimbilia. Wajenzi wakazikimbilia. Wanawake wengi wakaacha mashimo yao wakarudi kwenye mihogo. Tukabaki wachache tunaosokotea mafundi wa vitanda, na fundi mwenyewe anakupa bei kama anakupa sadaka. Mume wangu alikuwa kibarua Dar es Salaam, anakuja mara moja kwa miezi miwili, na alichokuja nacho mara nyingi kilikuwa ni maneno matamu.

Halafu mambo yakageuka. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, vitu vikaanza kuadimika. Leo sabuni hakuna, kesho sukari hakuna, keshokutwa umesikia khanga zimefika duka la ushirika, ukikimbia unakuta foleni imezunguka mtaa na khanga zimekwisha. Nailoni nayo ikapotea. Wale wale waliotucheka wakaanza kuuliza, kwa sauti ya chini, kama bado tuna makumbi ardhini. Sisi tulioshikilia kazi tukavimba vichwa kidogo, sikufichi.

Katika mwezi wa Rajabu wa mwaka huo mume wa Bi Mashavu akafariki. Somo akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, amevaa nguo nyeupe, hatoki uani, haendi sokoni, haendi pwani. Na wakati huo shimo lake lilikuwa limejaa, lilikuwa kubwa kuliko mashimo yote ya Kaole, alilifukia yeye na marehemu, na makumbi yalikuwa yanakaribia kuiva. Aliniita akaniambia niwe naliangalia tu, mawe yasisogezwe na maji. Akitoka eda atafukua mwenyewe.

Shimo lile, mwanangu, ndilo lililobeba nyumba yake. Kwa kuwa hawakuzaa, fungu la mjane lilikuwa robo, na sehemu kubwa ya nyumba iliwaangukia ndugu wawili wa marehemu. Hawakuwa watu wabaya. Walikubaliana naye mbele ya shehe kwamba wakilipwa sehemu yao watamwachia nyumba, akae humo maisha yake, na wakampa muda mpaka mwisho wa Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Ukipita muda huo wanauza, kwa sababu nao walikuwa na shida zao na mnunuzi alikuwa tayari yupo. Somo alikuwa na akiba yake na dhahabu kidogo. Kilichopungua alitegemea kamba za shimo lile. Mimi niliyajua yote haya. Aliniambia mwenyewe, ananisuka nywele.

Ramadhani ilipoingia akaja mnunuzi na lori kutoka Dar es Salaam, mtu mmoja mnene mwenye haraka, jina lake Hamadi. Alikuwa anatafuta kamba za makumbi kwa bei ambayo hatujawahi kuisikia. Wajenzi wa mjini walikuwa wamekwama, mafundi wa magodoro wamekwama, kila mtu anataka usumba. Akasema atarudi siku chache baada ya Idi, atachukua kamba zozote zitakazokuwa tayari, na baada ya hapo hajui, maana nailoni ikija tena hana haja na sisi. Hakutuficha. Wanawake wakarudi kwenye mashimo yao, lakini wengi walikuwa hawana kitu, au wana makumbi machanga. Mimi yangu yalikuwa na miezi miwili tu, mbichi kabisa.

Kila siku jioni nilikuwa napeleka maji kwa somo, namfagilia ua, tunafuturu pamoja. Jioni ile niliingia nikiwa na habari ya bei kwenye ncha ya ulimi. Nikamwamkia, "Shikamoo somo," akaitikia, "Marahaba mwari wangu," akanisogezea tende. Nikala tende. Nikanywa uji. Aliniuliza huko nje kuna habari gani, nikamwambia hakuna habari.

Nilijiambia kwamba mtu aliye edani haletewi maneno ya biashara, ni utovu wa adabu, aachwe na huzuni yake. Ni uongo mtupu. Hakuna aliyewahi kumkataza mjane kusikia habari. Wanawake waliingia pale kutwa wakamsimulia nani kaposwa na nani kaachika. Nilichofanya ni kuichukua heshima aliyonifunza yeye mwenyewe, nikajifunika nayo. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika mambo yake ya pwani, wengine hawakumgusia, walidhani nimeshamwambia.

Kwa hiyo asubuhi ya pili yake ndipo nilipokuwa pale topeni. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu ya kijinga. Nitafukua ya somo, nitauza, na mahali pake nitafukia yangu. Akitoka eda yangu yatakuwa yamekaribia kuiva. Makumbi kwa makumbi, nani kamdhulumu nani? Nilikuwa nimefunga, mwanangu. Nilisita kumeza mate nisiharibu saumu, huku mikono inachimba mali ya mjane. Walioniona kwa mbali walidhani nayaweka sawa mawe ya somo, na mmoja aliyenikuta njiani na mzigo hata alinisaidia kubeba, akidhani nimeutoa kwenye shimo langu.

Nilisokota mpaka viganja vikatoka malengelenge. Zilikuwa kamba nzuri kuliko zote nilizowahi kusokota, maana makumbi yale yalipangwa na mjuzi. Hamadi alipokuja akazipima kwa mkono, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalipa hapo hapo, akaondoka. Mimi nikaenda moja kwa moja Bagamoyo nikanunua cherehani kwa fundi aliyekuwa anahama. Niliona nimepata ukombozi. Nitashona magauni, nitaachana na tope. Kumbe fundi alikuwa anahama kwa sababu uzi ulikuwa haupatikani. Nilizunguka maduka yote, nikaambiwa uzi hakuna, sindano hakuna, njoo mwezi ujao. Cherehani ikakaa chumbani imefunikwa kitambaa, naiangalia nayo inaniangalia.

Kwa somo niliendelea kwenda. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo, kuliko hata kufukua. Niliendelea kumpelekea maji. Siku ya Idi alinipa mkono akanishukuru, akasema bila mimi angekuwa mkiwa.

Katikati ya Mfunguo Pili akatoka eda. Akaogeshwa, akavaa khanga mpya, tukamsomea dua. Siku ya tatu, maji yalipopwa, akasema twende tukafukue. Kufukua shimo kubwa hufanywa na wanawake wengi, tulikuwa sita au saba, watu wanaimba, wanataniana, wanamwambia mjane amerudi na nguvu za msichana. Mimi nilikuwa nyuma. Nilitamani maji yajae ghafla.

Aliondoa mawe, akaingiza mkono, akatoa kumbi moja. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu, bado na wekundu wake. Akalinusa. Halafu akainama akaangalia namna makumbi yalivyopangwa, safu baada ya safu, na yote yalikuwa yameanzia upande wa kushoto.

Nilimwona alipojua. Mgongo wake ulitulia tu. Watu wakaanza kuuliza kuna nini. Nikafumba macho nikingoja jina langu.

"Bado," akasema. "Shimo hili halipati maji vizuri, ni kosa langu mimi. Yafukieni, tutarudi siku nyingine."

Akalirudisha kumbi mahali pake, tena akalilaza kwa upande wa kushoto kama yalivyolala mengine. Wanawake wakampa pole, wakafukia. Hakuna aliyejua siku ile, na hakuna aliyejua baadaye. Leo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Alasiri nilikwenda kwake bila kuitwa. Nilimkuta uani anachagua mchele. Nilipiga magoti, nikataka kusema, nikalia tu kama mtoto mdogo. Aliniacha nikalia mpaka nikachoka. Halafu akaniuliza yule Hamadi, ambaye habari zake alizisikia alipotoka eda, alinunua kwa bei gani. Nikamwambia. Akaweka ungo chini, akanitazama, na haya ndiyo aliyoniambia, sijasahau hata neno moja.

"Mwari wangu, makumbi hayaniumi. Kinachoniuma ni kwamba kila jioni ulikuwa umekaa hapo ulipo. Ungeniambia bei, ningekwambia nenda ukafukue, usokote wewe, maana mimi sitoki, na nusu iwe yako. Nusu yangu ilikuwa inatosha. Wewe ungepata chako na mimi ningepata nyumba. Sasa umechukua chote, na hakuna aliyepata kitu."

Nikamwomba anisamehe. Akasema amenisamehe, na alisema kwa dhati, hakuwa mtu wa kusema kitu asichokimaanisha. Akanipa maji ninawe uso, akaniambia nisiende barabarani na macho mekundu, watu watauliza.

Nilijaribu kurekebisha. Nilihangaika kuiuza cherehani, lakini nani anunue cherehani wakati hakuna uzi? Nilikwenda Dar es Salaam kumtafuta Hamadi anikopeshe, nikamkosa. Niliwaendea wale ndugu wawili, nikawaomba waongeze muda mpaka makumbi yaive. Sikuwaambia kwa nini nahangaika hivyo. Walinisikiliza vizuri, wakasema mnunuzi hasubiri. Mfunguo Tatu ikaisha, nyumba ikauzwa. Somo akachukua robo yake na kitanda chake, akaenda kwa kaka yake Miono, huko bara. Miono kuna mashamba mazuri, kuna watu wakarimu, lakini hakuna bahari, na pasipo bahari makumbi ni kuni. Kazi aliyoifanya tangu ujana wake ikaishia hapo.

Yale makumbi yangu yaliiva baadaye. Niliyafukua peke yangu, nikayasokota yote, nikaenda nayo Miono, kamba nimejitwika kichwani tangu kituo cha basi. Nilimkuta amekonda kidogo, anapalilia mahindi na mawifi zake. Alinipokea kama mwari anavyopokewa, akanichinjia kuku, akazishika zile kamba, akasifu usokotaji wangu mbele ya watu. Wakati huo nailoni ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani na bei ya kamba zetu imeshuka, kwa hiyo nilichompelekea hakikuwa hata nusu ya thamani. Akasukia kitanda.

Tulipokuwa tunaagana nikamwambia arudi Kaole akae kwangu, nina chumba. Akatabasamu.

"Nimezoea huku," akasema. "Na wewe acha kunibeba moyoni, nilishakusamehe siku ile ile."

Ni kweli alinisamehe siku ile ile. Nyumba haikurudi. Alikaa Miono miaka minane, akazikwa huko, na katika miaka hiyo yote hakuiona bahari tena. Nilipopata habari za msiba nilikwenda, nikashika jembe la kulimia pale makaburini wanaume walipoliacha, nikaliweka chini haraka, maana lilinikumbusha lile la topeni.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi, ulipokuwa unaongea na simu dukani, nilisikia. Bei ya vitenge imepanda, na yule mwenzako aliyekuachia mzigo wake yuko mbali anauguza mama yake, hajui. Na wewe unataka kuuza wa kwake sasa hivi, kisha umrudishie wa kwako utakaponunua bei ikitulia. Ulisema ni vitenge kwa vitenge, hakuna atakayeumia. Niliomba maji ya kunywa, nikajifanya kiziwi, kwa sababu jibu langu lilikuwa refu na lilinitia aibu.

Sikufundishi biashara, mwanangu. Wewe unaijua kuliko mimi, na najua kodi ya fremu inakukaba na wateja wamepungua. Nyakati ngumu zinapokuja, kila mtu anapata sababu nzuri za kufanya jambo baya, na mimi nilikuwa nazo nyingi. Ninachokuomba ni kidogo. Mtu akikuachia mali yake, na bei yake pia umeachiwa. Ikipanda mwambie, ikishuka mwambie. Usiikalie. Mwenzako akijua, huenda akakuachia uuze mkagawana, huenda akakataa, lakini utakuwa umemwachia nafasi ya kukutendea wema. Mimi somo yangu sikumwachia nafasi hiyo, na alikuwa nao wema mwingi, ulikuwa tayari, ulikuwa unaningoja mimi tu nifumbue mdomo.

Mungu akupe riziki unayoweza kuieleza ilikotoka mbele ya mtu yeyote. Akuepushe na msamaha wa namna niliyopewa mimi, unaopewa na bado haurudishi kilichopotea. Akuhifadhi wewe na duka lako, na amponye mama wa mwenzako. Sasa mpigie, mwanangu. Mpigie nikiwa nimekaa hapa.